Tonado za Desemba 2021 nchini Marekani: Kwa nini vimbunga vya majira ya baridi ni vigumu kutabiriwa

Usiku wa Ijumaa, tarehe 10 Desemba 2021, kuamkia Jumamosi, takriban tonado 70 zilipiga majimbo ya kati na ya kusini mwa Marekani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, wengi wao katika jimbo la Kentucky. Hakuna mfululizo mwingine wa tonado uliowahi kuua watu wengi kiasi hicho katika mwezi wa Desemba tangu kumbukumbu za aina hiyo zianze kuwekwa nchini humo. Rekodi iliyotangulia ilikuwa ya Desemba 1953, pale tonado moja ilipoupiga mji wa Vicksburg, Mississippi, na kuua watu 38.

Katika fikra za wakazi wengi wa maeneo hayo, Desemba ni mwezi wa baridi, giza la mapema na maandalizi ya sikukuu. Msimu unaojulikana wa tonado ni ule wa kuanzia Machi hadi Juni. Kwa hiyo maafa hayo yalizusha maswali mawili. Je, wataalamu wa hali ya hewa waliyaona yakija? Na kama waliyaona, kwa nini watu wengi hivyo walikufa?

Jibu la swali la kwanza ni kwamba waliyaona, ingawa si kwa ukamilifu. Jibu la swali la pili ni refu zaidi, na linawahusu pia wasikilizaji wanaozungumza Kiswahili waliohamia katika nchi zenye hatari hiyo.

Tonado ni nini?

Kiswahili hutumia neno kimbunga kwa matukio mawili yaliyo tofauti sana. Vimbunga vya baharini, kama Hidaya kilichoikaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, huwa na upana wa mamia ya kilomita. Huzaliwa juu ya maji ya moto ya bahari, huishi kwa siku kadhaa, hupewa majina, na njia yake hufuatiliwa kwa satelaiti kabla hakijafika nchi kavu.

Tonado ni kitu kingine. Ni nguzo ya upepo unaozunguka kwa kasi kubwa, inayoning'inia kutoka katika wingu la radi hadi kugusa ardhi. Upana wake kwa kawaida ni mita chache hadi mamia ya mita; ni nadra kuzidi kilomita moja na nusu. Nyingi huishi kwa dakika chache tu. Anayekijua kisulisuli kinachoinua vumbi na majani makavu wakati wa kiangazi amepata taswira ya umbo lake, lakini si ya nguvu yake. Kisulisuli huzaliwa na joto la ardhi chini ya anga lililo wazi, na aghalabu hupita bila madhara. Tonado kubwa huzaliwa na wingu zito, na huweza kung'oa nyumba hadi msingi.

Nguvu za tonado hupimwa kwa vipimo vya daraja 0 hadi 5. Daraja hilo halitolewi kwa kupima upepo moja kwa moja, bali kwa kukagua uharibifu baada ya tukio, kwani mitambo ya kupimia upepo ni michache na mara nyingi haimo katika njia ya tonado.

Usiku wa maafa

Mchana wa tarehe 10 Desemba, hewa ya joto na unyevunyevu kutoka Ghuba ya Mexico ilikuwa imesambaa kaskazini kwa wingi usio wa kawaida. Mjini Memphis, Tennessee, kipimajoto kilifika takriban nyuzi 26 za Selsiasi, joto la kuvunja rekodi kwa siku hiyo ya mwaka. Kutoka magharibi ulikuwa ukija mkondo wa hewa baridi, na juu zaidi angani upepo ulivuma kwa kasi kubwa.

Jioni, wingu moja la radi lilijitenga na mengine katika jimbo la Arkansas na kuanza kuzunguka. Wingu hilo liliendelea kuishi kwa saa nyingi, likivuka Missouri na Tennessee hadi kuingia Kentucky. Katika mji mdogo wa Monette, Arkansas, tonado iliyotokana na wingu hilo ilipiga makao ya wazee. Jengo liliharibika vibaya, na mtu mmoja alifariki dunia.

Baada ya tonado hiyo kumalizika, wingu lilelile lilizaa nyingine. Hiyo ndiyo iliyoufikia mji wa Mayfield, magharibi mwa Kentucky, baada ya saa 3 usiku, ikauvunja moyo wa mji pamoja na mahakama yake ya kale, kisha ikaendelea hadi Dawson Springs na Bremen. Iligusa ardhi kwa karibu saa tatu na kusafiri kilomita 266, mwendo unaozidi ule wa barabara kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Ilipewa daraja la 4, na kasi ya upepo wake ilikadiriwa kuwa takriban kilomita 305 kwa saa. Tonado hiyo peke yake iliua watu 57.

Miongoni mwa waliokufa ni wafanyakazi tisa wa kiwanda cha mishumaa mjini Mayfield, ambako zaidi ya watu 100 walikuwa katika zamu ya usiku. Mjini Edwardsville, Illinois, tonado nyingine iliangusha sehemu ya ghala kubwa la bidhaa na kuua watu sita. Na saa 7 usiku ilipopita, wakati wengi wamelala, tonado ya daraja la 3 ilipita katika mitaa ya makazi ya Bowling Green, Kentucky, na kuua watu 17 katika mji huo na viunga vyake.

Viambato visivyokutana kwa urahisi

Ili wingu lizae tonado kubwa, mambo mawili hayana budi kukutana. La kwanza ni hewa ya joto na unyevunyevu iliyo karibu na ardhi, huku juu yake kukiwa na hewa baridi. Hewa ya joto ni nyepesi. Ikipata upenyo hupanda juu kwa nguvu na kujenga wingu la radi. La pili ni upepo unaobadilika kasi na mwelekeo kadiri unavyopanda. Upepo wa chini ukivuma kutoka kusini na wa juu ukivuma kwa kasi zaidi kutoka magharibi, hewa iliyo katikati hubingirika kama gogo. Hewa inayopanda ikilisimamisha gogo hilo wima, wingu zima huanza kuzunguka.

Katika majira ya kuchipua, viambato vyote viwili hupatikana kwa kiasi. Katika majira ya baridi mizani hupotoka. Upepo wa juu huwa mkali mno, lakini joto na unyevunyevu huwa haba. Siku nyingi za Desemba zina upepo wa kutosha kuzalisha tonado, lakini hazina joto, na kwa sababu hiyo hakuna kinachotokea.

Hapo ndipo ugumu wa mtabiri ulipo. Wakati wa baridi, tofauti ya nyuzi mbili au tatu tu za joto karibu na ardhi, au unyevu kufika saa mbili kabla ya ulivyotazamiwa, huweza kuugeuza usiku wa mvua ya kawaida kuwa usiku wa maafa. Programu za kompyuta zinazotumika kutabiri hali ya hewa hutegemea vipimo vya mwanzo, na puto za kupimia anga, ambazo ndizo zinazopima joto, unyevu na upepo kwa kimo, hurushwa kwa kawaida mara mbili tu kwa siku kutoka vituo vilivyo mbalimbali. Kosa dogo katika kipimo cha asubuhi huweza kuwa kosa kubwa ifikapo usiku.

Kuna pia swali la umbo la mawingu. Mkondo wa baridi ukiyasukuma mawingu kuwa safu moja ndefu, hatari kubwa huwa upepo wa mstari ulionyooka na tonado fupi. Wingu likijitenga na kusimama peke yake mbele ya safu hiyo, katika hewa ya joto isiyoguswa na wenzake, hupata chakula chake lote na kuweza kuishi kwa saa nyingi. Wingu la tarehe 10 Desemba lilikuwa la aina hiyo ya pili. Kujua kwamba mawingu ya namna hiyo yanawezekana ni jambo moja. Kujua ni wingu lipi, juu ya mji upi, ni jambo ambalo hakuna anayeweza kulisema siku moja kabla.

Mwendo nao huongeza ugumu. Kwa kuwa upepo wa juu ni mkali, mawingu ya majira ya baridi husafiri haraka, mara nyingi kwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Muda wa kuamua hupungua kwa mtabiri na kwa mwananchi pia.

Ngazi tatu za tahadhari

Utabiri wa tonado nchini Marekani una historia isiyo ndefu. Kwa miongo mingi, ofisi ya serikali ya hali ya hewa iliwakataza watabiri wake kulitumia neno hilo, kwa hofu ya kuzusha taharuki. Mwaka 1948, maofisa wawili wa jeshi la anga, Ernest Fawbush na Robert Miller, walitabiri kwamba tonado ingeweza kupiga kambi yao ya Tinker, Oklahoma, na jioni ya siku hiyohiyo, tarehe 25 Machi, ikapiga. Katazo liliondolewa miaka michache baadaye.

Leo hii tahadhari hutolewa kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni taswira ya jumla, inayotolewa na Kituo cha Utabiri wa Dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, siku kadhaa kabla ya tukio. Kituo hicho kilikuwa kimeonyesha hatari kabla ya tarehe 10 Desemba, na siku yenyewe kikaipandisha hadi ngazi ya nne kati ya tano. Kwa mwezi wa Desemba, hilo si jambo la kila mwaka.

Ngazi ya pili ni angalizo, ambalo kwa Kiingereza huitwa "watch". Hutolewa saa chache kabla, kwa eneo pana, na maana yake ni kwamba mazingira ya tonado yapo. Ngazi ya tatu ni onyo, yaani "warning", linalotolewa na ofisi ya eneo husika rada inapoonyesha wingu linalozunguka, au mtu anapoiona tonado kwa macho. Onyo lina maana kwamba mtu ajifiche papo hapo. Kwa wastani huja dakika zisizozidi kumi na tano kabla ya tonado, na mara nyingine huja kwa kuchelewa au lisije kabisa.

Kwa Mayfield, onyo lilikuja. Ofisi ya hali ya hewa ya Paducah ilitoa hata tangazo la ngazi ya juu kabisa, linalotumika pale tonado kubwa inapothibitishwa kuelekea eneo lenye watu wengi. Rada zilikwisha kuonyesha vifusi vikielea angani, ishara kwamba majengo yalikuwa yakivunjwa wakati huohuo.

Pale onyo linapokwama

Kama onyo lilikuwapo, vifo vilitoka wapi? Sehemu ya jibu ni nguvu ya tonado yenyewe. Nyumba za mbao zisizo na chumba cha chini ya ardhi, na nyumba za kuhamishika zisizofungwa katika msingi, haziwezi kuhimili upepo wa kilomita 300 kwa saa. Mwenye kuzikalia huweza kulisikia onyo, kulielewa na kulitii, na bado akakosa pa kwenda.

Sehemu ya pili ni usiku. Utafiti wa Walker Ashley na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 uliangalia tonado za Marekani kwa zaidi ya nusu karne. Tonado za usiku zilikuwa takriban asilimia 27 ya zote, lakini zilisababisha takriban asilimia 39 ya vifo. Kwa hesabu yao, tonado ya usiku ina uwezekano wa kuua mara mbili na nusu zaidi ya ile ya mchana. Haionekani, watu wamelala, na simu zimezimwa sauti. Majira ya baridi, ambapo jua huzama mapema, hurefusha saa za hatari hiyo.

Sehemu ya tatu ni mazoea. Takriban maonyo saba kati ya kila kumi ya tonado nchini Marekani hayafuatwi na tonado yoyote. Si uzembe wa watabiri, kwani wingu linalozunguka si lazima lizae tonado, na rada haiwezi kutofautisha kwa hakika. Lakini mtu aliyekwisha kujificha mara kadhaa bila kuona kitu huanza kulipuuza onyo. Mjini Mayfield, ving'ora vililia mapema jioni, kisha vikalia tena karibu saa 3 usiku. Baada ya maafa, baadhi ya wafanyakazi wa kiwanda cha mishumaa walidai kuwa walizuiwa kuondoka kati ya nyakati hizo mbili. Kampuni ilikanusha, na shauri likafikishwa mahakamani. Vyovyote iwavyo, mkasa huo unaonyesha kwamba uamuzi wa kujiokoa hauko daima mikononi mwa anayelisikia onyo.

Swali la lugha

Bowling Green si mji wa kawaida katika Kentucky. Kwa miongo kadhaa umepokea wakimbizi, kwanza wengi kutoka Bosnia, kisha kutoka Myanmar, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kwingineko. Kiswahili kinasikika katika shule zake, viwandani na katika nyumba za ibada. Wahamiaji walikuwamo miongoni mwa waathirika wa usiku ule.

Ujumbe wa dharura unaotumwa na idara ya hali ya hewa moja kwa moja katika simu za mkononi ulikuwa ukitolewa kwa Kiingereza na Kihispania. Kwa mtu ambaye Kiingereza bado kinamsumbua, mlio wa ghafla saa 7 usiku na mistari michache ya maandishi haviwezi kueleza jambo ambalo hajawahi kuliona wala kulisikia nchini kwao. Tofauti kati ya "watch" na "warning" huwachanganya hata wazawa. Kwa mgeni, maneno yote mawili yanaweza kusikika kama wito wa kuwa macho tu.

Tafsiri ya neno kwa neno haitoshi. Mtu aliyekulia katika pwani ya Afrika Mashariki au kandokando ya Ziwa Tanganyika, akiambiwa kimbunga kinakuja, huenda akafikiria jambo la siku mbili zijazo. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia maneno angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na mara nyingi huyatoa siku moja au zaidi kabla ya mvua kubwa au upepo mkali. Onyo la tonado halimpi mtu siku wala saa. Humpa dakika. Hivyo anayetafsiri hana budi kutaja muda na kitendo: tonado inakuja sasa, ingia chumba cha ndani sasa.

Je, tabianchi imehusika?

Desemba 2021 ilikuwa Desemba yenye joto zaidi kuwahi kurekodiwa hadi wakati huo katika majimbo 48 yaliyoungana ya Marekani. Siku tano tu baada ya maafa ya Kentucky, dhoruba nyingine ilizusha tonado nyingi huko Iowa, Minnesota na Wisconsin. Kwa Minnesota, hizo zilikuwa tonado za kwanza za mwezi wa Desemba katika kumbukumbu zake.

Wanasayansi hawaihusishi tonado moja moja na mabadiliko ya tabianchi kwa wepesi, kwa kuwa tonado ni ndogo mno kuonekana katika programu za tabianchi, na kumbukumbu za zamani zina mapengo. Wanachokubaliana ni kwamba majira ya baridi yanazidi kuwa na joto, na joto ndicho kiambato kilichokuwa kikikosekana katika miezi hiyo. Imeonekana vilevile kwamba katika miongo ya karibuni mazingira ya tonado yameongezeka mashariki mwa Mto Mississippi, sehemu zenye watu wengi zaidi, misitu na nyumba nyingi za kuhamishika.

Mambo ya kuzingatia

Kwa wasikilizaji wanaoishi katika maeneo yenye hatari ya tonado, au wenye ndugu huko, wataalamu wanashauri yafuatayo.

Msihesabu miezi. Tonado huweza kutokea mwezi wowote. Siku ya joto lisilo la kawaida katikati ya majira ya baridi, pamoja na taarifa ya dhoruba inayokuja, ni sababu ya kufuatilia habari hadi usiku.

Mnaposikia angalizo, chagueni mahali pa kujificha. Wanaoishi katika nyumba za kuhamishika wanapaswa kuhamia katika jengo imara wakati huo, bila kusubiri onyo. Msizime sauti ya simu usiku huo.

Mnaposikia onyo, ingieni chumba cha chini ya ardhi. Kama hakipo, nendeni ghorofa ya chini kabisa, katika chumba kidogo cha ndani kisicho na madirisha, kama vile bafu au stoo, na mfunike vichwa kwa godoro, mto au kofia ngumu. Viatu miguuni vitawafaa baadaye, kwani vifusi hujaa vioo na misumari. Msikimbilie chini ya daraja, wala msitoke nje kuitazama.

Mwisho, kila familia na iwe na mtu mmoja, aghalabu kijana anayesoma shule ya huko, aliyekabidhiwa kazi ya kusoma ujumbe na kuwaeleza wazee kwa lugha ya nyumbani. Jamii na ziwe na orodha ya simu za kupigiana usiku. Watabiri wataendelea kupambana na nyuzi mbili au tatu za joto zinazoamua kama usiku wa Desemba utakuwa wa mvua au wa maafa. Hatua ya mwisho ya onyo, kutoka kwenye simu hadi kwa mzee aliyelala chumba cha pili, haimo katika uwezo wa rada yoyote.